Waya Ndani ya Masale

Nilipokuwa mtoto huko Machame, hakuna aliyethubutu kukata ovyo sale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo. Bibi, mama yake baba, alisema mpaka ukiudhiwa hushika mtu.

Masika moja, ng'ombe wetu pekee wa maziwa alianguka akafa ubavuni mwa masale yaliyotutenga na baba mdogo. Ndugu hao wawili walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka huohuo. Bibi hakuhitaji ushahidi zaidi.

"Mpelekee mdogo wako fundo la sale, mwombane radhi," alimwambia baba. "Kesho mpaka utachukua mtoto."

"Niende mimi niliyefiwa na ng'ombe?"

"Wewe ndiye mkubwa. Na uvue hayo mabuti. Nani anaomba msamaha amevaa kama bwana mifugo?"

Baba akavua. Mvua ilikuwa imekatika punde. Alimwita ndugu yake, akaingiza mkono kati ya masale achume jani la kufunga fundo, na hapo mkono ukashikwa. Hakupiga kelele, alitetemeka tu, meno yameumana. Baba mdogo, aliyekuwa amepitisha humo waya wa taa ya zizi lake, alielewa kabla yetu. Alikimbia kuzima swichi kuu.

Chuo kikuu ndiko nilikoijua njia ile kipande kwa kipande. Mkondo wa umeme haupiti mpaka upate mzunguko uliofungwa: ulitoka kwenye transfoma, ukafuata waya uliochubuka, ukaingia mkononi, ukashuka mwilini hadi nyayo tupu, kisha ukarudi ulikotoka kupitia udongo uliolowa. Mabuti ya mpira huenda yangeukata mzunguko huo. Ng'ombe hakuwa na mabuti.

Nimewaeleza jamaa zangu hayo hadi nimechoka. Hunisikiliza kwa adabu, kisha huuliza: mbona ndugu wale walipatana? Ni kweli. Kesho yake baba mdogo alituletea mtamba wake, akalia mbele ya baba. Bibi alisema mpaka umeridhika, na hakuna aliyembishia.

Mkono wa baba haukupona sawasawa. Kila msimu wa kupogoa kahawa, baba mdogo alikuja kutupogolea.

"Hilo la juu."

"Nimeliona, kaka."

"Hata mwaka jana uliliona."

Bibi, baba na baba mdogo sasa wamezikwa kihambani. Kama waya ule usingechubuka, baba angezeeka na mikono miwili mizima, bila ndugu. Siipendi hesabu hiyo, lakini kila nikiirudia, inatoka vilevile.