Fimbo ya Mikono Miwili Mtoni Kiptiget

Bega langu la kulia liliharibika siku pikipiki yangu ilipoteleza kwenye matope, karibu na kituo cha kupimia majani chai. Daktari wa Bomet aliniambia nitapona na nitaandika ubaoni kama kawaida, ila nisitarajie tena kuinua mkono juu ya kichwa na kuurusha kwa nguvu. Nilimuuliza kama nitaweza kuvua samaki. Akatabasamu, akidhani namtania.

Simlaumu. Huku kwetu watu ni wa ng'ombe, mahindi na chai. Mama yangu alizeeka bila kuonja samaki hata mmoja. Lakini mjomba wangu aliwahi kufanya kazi katika kambi ya wavuvi kwenye shamba kubwa la chai upande wa Kericho, na yeye ndiye aliyenifundisha kuvua samaki aina ya trauti kwa nzi wa manyoya. Ndoano inafungwa manyoya mpaka inafanana na mdudu, na kwa kuwa haina uzito wowote, unachorusha ni uzi wenyewe, ambao ni mnene na mzito. Unaupeleka nyuma, unangoja unyooke, kisha unaupeleka mbele. Kazi yote hiyo hufanywa na bega moja.

Kwa misimu miwili ya mvua sikugusa mto. Fimbo yangu ya zamani ya kuvulia nilimpa binamu yangu, nikajifanya nimezoea.

Halafu Jumapili moja, baada ya kanisa, rafiki yangu wa uvuvi alinitumia video kwenye simu. Mtu amesimama majini, miti imemsonga mgongoni, ameshika fimbo ndefu kwa mikono miwili. Uzi haukwenda nyuma hata kidogo. Aliuzungusha kando yake, ukajikunja kama upinde juu ya maji, kisha ukaruka mbele na kunyooka. Mikono yake haikupita kidevu. Niliitazama video hiyo nikiwa nimesimama uani, chai ikapoa, nikaitazama tena na tena.

Kesho yake wakati wa mapumziko nilimpigia mfanyabiashara mmoja wa mjini Kericho. Wazazi wake walitoka Nyeri zamani, na yeye alizaliwa hapa. Anauza makoti ya mvua na mabuti ya wachuma chai, na katika chumba cha nyuma ameweka vifaa vya uvuvi. Akaniambia fimbo nyingi za mikono miwili ni nzito, zimetengenezewa samaki wakubwa wa mito mipana ya ng'ambo, lakini alikuwa amepokea mbili nyepesi za kuvulia trauti. Nikamuuliza ni ipi nzuri. Akasema fimbo haichaguliwi dukani. Nije Jumamosi, twende nazo mtoni.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Darasa la sita walinishika mara mbili nikizungusha chaki hewani, mikono yote miwili kifuani. Mke wangu naye akaamua kunisindikiza. Alisema anataka kuiona hiyo fimbo inayomfanya mwalimu aimbe akinyoa ndevu.

Tulifika Kiptiget asubuhi, umande ungali kwenye chai. Pale mtoni mashamba yanaishia kwenye ukanda wa miti, na miti inainamia maji. Mfanyabiashara akaunganisha fimbo zote mbili, akaziegemeza kwenye mti. Ya kwanza ilikuwa futi kumi na mbili, namba tano, kijani iliyokolea, imeng'arishwa mpaka unajiona ndani yake. Ya pili ilikuwa futi kumi na nusu, namba tatu, kahawia, haina urembo. Namba ikipungua, fimbo inakuwa laini zaidi na uzi wake mwepesi zaidi. Mimi nilishaipenda ile ya kijani kabla sijaishika.

Badala ya ndoano alifunga kipande cha sufu nyekundu, nisije nikajichoma. Nikachukua ya kijani, nikaingia majini. Nikazungusha kama nilivyoona kwenye video, nikasukuma kwa mkono wa kulia uliokuwa juu. Uzi ukaanguka miguuni pangu kama matumbo ya mbuzi, na bega likanichoma. Nikajaribu tena, ikawa vilevile. Mara ya tano moyo ulianza kunishuka.

Mke wangu alikuwa ameketi ukingoni, akinitazama muda wote huo.

"Mwalimu," akaniita, "wewe unasukuma tu na mkono wa juu. Ukiwa unarusha samadi na beleshi, si mkono wa juu unashikilia tu, na ule wa chini ndio unavuta?"

Mfanyabiashara akageuka kumtazama. "Mama amesema ukweli," akasema. "Mimi ilinichukua miezi kuelewa hiyo."

Nikaulegeza mkono wa kulia ukawa wa kuelekeza tu. Nikazungusha, kisha nikauvuta ule wa kushoto, wa chini, kuelekea tumboni. Uzi ukatoka mbele yangu ukiimba, ukavuka mto mzima na kunasa kwenye kichaka cha ng'ambo. Bega halikusema kitu. Nilicheka kwa sauti mpaka koo likakauka.

Mfanyabiashara alivuka kunasua sufu, maji yakimfika magotini. Aliporudi aliniuliza kwa upole: "Mwalimu, mto wako ni mpana kiasi gani?"

Nikaelewa: mto wangu haukuhitaji fimbo ndefu hivyo. Nikamrudishia ile ya kijani, nikachukua ya kahawia. Ilikuwa kama kushika unyasi. Hata uzi mfupi, hatua sita saba tu, uliipinda mpaka karibu na mpini, na nilihisi maji yakiuvuta uzi, nikayahisi katika viganja vyote viwili. Nikaomba nzi wa kweli. Akanifungia mdogo mweusi.

Nilimtupa chini ya mti ulioinama, nikamwacha mkondo umpeleke kando taratibu. Alipofika karibu na jiwe, fimbo ikashtuka, ikapinda yote, ikaanza kutetemeka. Sijui nilisema nini. Mke wangu anadai niliongea Kipsigis, Kiswahili na Kiingereza katika pumzi moja. Trauti yule aliruka mara mbili, akakimbilia mawe, akarudi, na nilipomfikisha mkononi hakuzidi shibiri moja na nusu, madoadoa meusi ubavuni na mstari mwekundu. Nilimshikilia majini mpaka akapata nguvu, akateleza akaenda.

Mfanyabiashara alipendekeza niijaribu tena ile ya kijani, nisije nikajuta. Nikamwambia hii ya kahawia haitoki mkononi mwangu.

Mke wangu akavua viatu. Akakunja sketi, akaingia maji ya ukingoni na kunyoosha mkono.

"Nipe na mimi nijaribu," akasema.

Nilimpa. Mara ya kwanza uzi ulikwenda kombo. Mara ya pili ulinyooka vizuri kuliko wangu wote wa asubuhi ile, na mfanyabiashara akapiga makofi. Nikaketi ukingoni alipokuwa ameketi yeye, nikamimina chai, nikangoja zamu yangu.