Goti la Ng'ombe Darasani

Kila mifupa inapochemka jikoni mwangu, harufu yake nzito hunirudisha Shauri Moyo, katika darasa letu la sita. Mwalimu wa sayansi alikuwa ameagiza kila mmoja wetu alete mfano wa kiungo cha mwili, pale mifupa miwili inapoungana. Wenzangu walileta vipande vya katoni vilivyofungwa kwa uzi. Mimi nilileta goti la ng'ombe. Mama, aliyeuza supu sokoni, alikuwa ameliepua mapema kabla kano hazijalegea, kisha akalisugua kwa majivu hadi likang'aa.

"Wee mtoto wa supu, umetuletea lanchi?" akauliza msichana niliyeketi naye, na darasa zima likacheka.

"Katupe uchafu huo nje," mwalimu akasema.

Sikutoka. Nililikunja goti lile, nikalikunjua, nikawaonyesha gegedu nyeupe, telezi kama sabuni iliyolowa, na kano zilizoushikilia mfupa kwa mwenzake.

"Si uchafu, mwalimu. Mama amelitengeneza. Hata goti lako limeundwa hivi."

Kicheko kikakatika.

"Piga magoti hapo mbele!"

Nikapiga, mfupa nikiwa nimeukumbatia kifuani. Saruji ilikuwa na changarawe, na nilihisi mifupa ya magoti yangu ikisagika juu yake. Kipindi kikaisha, kingine kikaanza. Kengele ya chakula ilipolia, mwalimu alikuja akasimama mbele yangu.

"Sasa utalitupa?"

"Bado, mwalimu."