Kura za Watu wa Fulana za Njano

Mama Cherehani kashinda! Jamani, kashinda udiwani kwa tofauti ya kura kumi na tisa, na mpaka sasa mwenyewe haelewi ilikuwaje.

Huyu mama anashona barazani kwake, vipande vya uzi vimejaa kichwani. Aligombea kwa sababu moja tu: bomba la mtaa limekauka mwaka wa pili huu, na kila aliyeahidi kulirudisha aliishia kwenye kuahidi. Kampeni yake ilikuwa daftari, dada yake, na miguu yao minne. Mpinzani wake, tajiri wa machimbo ambaye wote wanamwita Kokoto, alikuja na lori lenye spika nane na fulana za njano zenye sura yake kifuani, bure kwa kila mtu.

Sasa fulana zote zilikuwa saizi moja, ile ya kumvalisha mtu pamoja na kabati lake. Watu wakazipeleka wapi? Kwa Mama Cherehani, zikapunguzwe. Dada mtu alinuna, akasema haiwezekani mgombea amshonee mpinzani sare. Yeye akajibu mteja ni mteja. Wiki nzima akapima mabega huku akiuliza kila mmoja anachota maji wapi, kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili kauma pini. Majibu akaandika kwenye daftari. Ila kila akitazama lile rundo la njano kichwa kinamzunguka: hawa ni wa nani hasa?

Siku ya mkutano wake wa mwisho alifika kiwanja cha shule akakuta njano tupu. Akajua kakosea siku, huu ni mkutano wa Kokoto. Akageuka kimyakimya. Kafika nusu ya njia, dada yake akapiga simu.

"Uko wapi wewe? Watu wanaungua na jua hapa."

"Hao si wa Kokoto?"

"Mimi sijui ni wa nani. Wanakuulizia wewe."

Akarudi, hajui acheke au alie. Akamuuliza kinyozi aliyekaa mbele mbona kavaa sura ya mtu mwingine.

"Mama, nguo mpya ninayo hii tu. Na imenikaa, si umeipunguza mwenyewe? Haya, tuambie habari ya bomba."

Akawasomea daftari nyumba kwa nyumba, nani anatembea wapi na ndoo. Sura za Kokoto zikamtazama bila kupepesa. Hakuna aliyepiga makofi. Akaenda kulala akiamini kashindwa.

Siku ya kura, matokeo yalipobandikwa ukutani aliyasoma mara tatu, ya nne akamwomba karani amsomee. Watu wa njano wakambeba juu juu, wakala wa Kokoto kaduwaa, anahesabu fulana kwa kidole. Aliposhushwa akamuuliza dada yake amshukuru nani sasa.

"Hata sijui," dada akasema. "Shukuru wote, halafu kesho asubuhi tuko ofisi ya maji."

Ukimaliza kusoma mtumie mwenzako, hasa yule anayesema kura yake haina kazi.