Mbuzi Aliyetaja Bei Yake ya Mwisho

Ukurasa wangu wa kuuzia mbuzi ulinigharimu bando za wiki tatu na mama mmoja aliyeniamini miaka sita. Nimehesabu mara mbili. Bando ndizo rahisi.

Mimi ni dalali wa mbuzi hapa Mwingi. Mwenye mbuzi hutangaza bei ya juu mbele ya watu, kisha hunivuta kando akaninong'oneza bei ya mwisho, ile asiyoishusha hata ukilia. Hiyo siitoi. Nikiitoa, mimi si dalali, ni mtembezi tu sokoni.

Nikiwa nimechoka kusimama juani, nilijifunza JavaScript kwa simu. Kila mbuzi nikamwandika kama kitu chenye rangi, meno, bei ya juu na bei ya mwisho. Nilipomweka ndani ya tangazo, ukurasa ukaandika [object Object]. Hata mbuzi mgonjwa husema zaidi ya hapo. Basi nikampa njia mbili za kujieleza: toString itoe maneno, yaani rangi na bei ya juu; valueOf itoe namba, yaani bei ya mwisho, nipate kuwapanga kimyakimya.

Sikujua kwamba ukiunganisha maneno na kitu kwa alama ya kujumlisha, lugha hii huuliza valueOf kwanza; tangazo langu likawa linaandika bei ya mwisho mbele ya kila mwenye simu.

Yule mama alikuwa na mbuzi watatu. Alitaka elfu thelathini, alipie tangi la maji kabla ya mvua. Siku ya soko mnunuzi wa kutoka Mukuyuni alimwendea moja kwa moja, simu mkononi.

"Mwaitu," akamwita mama kwa Kikamba, "hawa watatu ni elfu nane nane."

"Nani amekuambia nane? Si nimesema kumi na mbili!"

"Simu imesema. Ama niongeze mia ya soda?"

Mama akanigeukia. Nane aliitamka mara moja tu, sikioni mwangu. Wanunuzi wengine nao walikuwa wameshatoa simu. Akauza.

"Mwana wakwa, mwanangu," akaniambia akikunja noti, "nilikupa siri, wewe ukampa mbuzi mdomo."

Kurekebisha kulichukua mstari mmoja. Tangi bado liko dukani.

Sasa ninyi mnaojua biashara, nishaurini. Wangepatana kumi kumi, pengo ni elfu sita; wangekwama kwa tisa, ni tatu. Bei ambayo haikuafikiwa naihesabu vipi? Na pesa nizipeleke mwenyewe, au nimtume mchungaji wa kanisa lake?