Diwani wetu alikiri rushwa msibani, halafu akasema ulikuwa utani

Wakuu, nawasalimu wote. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mtanisalimia wenyewe huko chini.

Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu. Kuna watu waliokuwepo ambao bado wako hai, nikiongeza chumvi watanisuta, na mimi kusutwa sipendi.

Mimi ni mama mtu mzima, nina wajukuu. Kwa hiyo wewe unayekimbilia kuandika "weka ushahidi", kaa kitako kwanza, soma.

Ni miaka ya tisini. Vyama vingi vimeingia juzi juzi tu, soko huria hilo, kila mtu anauza kitu. Mimi nilikuwa nauza mitumba Kilosa mjini, pale soko la Mabwerebwere. Belo la nguo nilikuwa nalifuata Morogoro, nalifungua, nguo nzuri zinaondoka asubuhi, mchana nabaki na makoti ya baridi ambayo Kilosa hayana kazi.

Mama yangu alikuwa kijijini, upande wa Rudewa. Kata siitaji, msinilazimishe.

Huko kulikuwa na shamba kubwa la mkonge lililokufa. Wenyewe walishaondoka, mkonge ukamezwa na vichaka. Wanakijiji, hasa kina mama, wakaingia wakafyeka, wakalima mahindi na ufuta. Mama alikuwa na kipande chake pale. Ndicho kilichotulisha baada ya baba kufariki, hatukuwa na kingine.

Karatasi hatukuwa nayo. Ilikuwa ni kufyeka tu na kuheshimiana.

Sasa ukaja uchaguzi wa madiwani. Aliyeshinda alikuwa ndugu yetu kabisa, mtoto wa kaka yake mama. Kwangu mimi ni binamu. Mama ni shangazi yake, na alimlea kwa miaka kadhaa baada ya mama yake kuugua. Nitamwita Diwani tu.

Jamani huyu mtu alijua kuongea! Akisimama jukwaani hata mgonjwa anapiga makofi. Ahadi yake kubwa ilikuwa moja: kila anayelima kwenye lile shamba la mkonge atabaki pale, na atahakikisha linagawiwa rasmi kwa wanakijiji. Mama alimpigia kampeni mpaka sauti ikamkauka.

Akashinda. Tukashangilia.

Msimu uliofuata nimerudi nyumbani kumsaidia mama kupalilia, nakuta ng'ombe wamo ndani ya mahindi. Si ng'ombe wa kupotea njia, ni kundi na mchungaji wake, tena katulia kabisa.

Nilichemka. Nikaenda moja kwa moja kwa mwenye ng'ombe, Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na familia yake kutoka kanda ya ziwa. Wanalima na kufuga. Nilimfokea bila hata salamu, mpaka mke wake akashika mdomo.

Mzee yule alinisikiliza tu. Nilipochoka akasema, "Binti, kwanza unasalimia."

Nikaona aibu. "Shikamoo."

"Marahaba. Sasa kaa. Mimi sikuvamia. Nilionyeshwa hapa na Diwani wenu. Alisema ni pake kugawa."

"Alikupa bure?"

Akaangalia zizi lake. Nikaelewa.

Nilimwambia twende tukaripoti. Akakataa katakata. "Anayetoa naye ana kosa. Mimi mgeni hapa. Nikifungwa, hawa watoto watachungwa na nani?"

Wakuu, mimi sikulala na hilo jambo. Nilipokwenda Morogoro kufuata belo, nikapita kwa wanaoshughulika na rushwa, nikaeleza. Wakamtuma afisa mmoja, kijana mpole, mashati ya mikono mirefu kwenye joto lile. Akazunguka kijiji kizima.

Hakuna aliyefungua mdomo! Huyu kapewa kazi ya kibarua na Diwani, huyu ni ndugu, huyu anaogopa. Masanja alisema ng'ombe wake wote wapo. Mama yangu mzazi alisema hajui kitu.

Afisa akaniambia, "Dada, bila mtu wa kusema, mimi narudi mikono mitupu."

Ikabaki hivyo. Ng'ombe wanakula mahindi, vijana wetu wameanza kunoa mapanga, wa kina Masanja wanatembea na fimbo wawili wawili. Kila mtu alikuwa anaona inakokwenda.

Ndipo mjomba wangu akafariki. Mdogo wake mama, yaani kwa Diwani ni baba mdogo.

Hapa niwaelezee wale waliokulia ghorofani. Sisi Wasagara na Wasukuma ni watani. Siyo utani wa kurushiana picha za kuchekesha kwenye simu, ni utani wa mila. Msibani mtani ana ruhusa ya kufanya lolote: atazuia jeneza, atakaa kwenye kiti cha mfiwa, atamtukana marehemu. Na wewe mfiwa hukasiriki. Unamjibu. Ukikasirika utachekwa mpaka uzeeni.

Siku ya mazishi Mzee Masanja akaja amejifunga kamba ya ng'ombe shingoni. Akalala mlangoni pale jeneza linapotakiwa kupita, akaanza kulia kama ng'ombe.

"Mooo! Simpishi mtu! Mimi ni ng'ombe wa Diwani! Nimetolewa kwetu nikaambiwa nitapewa majani ya shamba la mkonge, sasa kina mama wananifukuza kwa majembe! Diwani, nipe majani yangu!"

Watu hoi. Hata wajane walicheka, nawaambia.

Macho yote yakamgeukia Diwani. Sasa yule bwana na mdomo wake, akubali kushindwa mbele ya kadamnasi? Thubutu! Akapanda juu ya kinu.

"We ng'ombe mjinga! Dume lako tulishalichinja, na supu yake ilikuwa tamu kweli! Majike yako ndiyo hayo mabati mapya mnayoyaona kwangu! Shamba si nilishakupa? Hao kina mama wavune mara hii ya mwisho, nitawatafutia pa kwenda!"

Kicheko kikalipuka. Halafu kikakatika chenyewe, kidogo kidogo, kuanzia upande wa wanawake.

Nilimwangalia mama. Alikuwa ameshika khanga mdomoni, hacheki.

Masanja akanyanyuka, akapewa chake cha utani, jeneza likapita. Tukazika.

Nani asiyejua kwamba kile kilikuwa kweli? Mtu hawezi kutunga mabati yake mwenyewe. Nikampelekea afisa maneno yote, neno kwa neno.

Weee! Habari ziliporudi kijijini ukoo uliniwashia moto. Nikaitwa kikao, wazee wananinyooshea vidole: maneno ya utani hayatoki msibani, tangu dunia iumbwe hayajawahi kutoka. Ukiyapeleka serikalini, kesho nani atathubutu kuja kututania? Tutazikana kimya kimya kama wachawi?

Na mama alikuwa upande wao. Aliniambia, "Umetuvua nguo." Akaacha kuniongelesha.

Hapo ndipo niliumia, sitawaficha. Kwa sababu wazee walikuwa na haki. Utani ni kitu kizuri, ndio uliofanya Msukuma na Msagara wacheke pamoja wakati mapanga yananolewa. Mimi sikutaka kuuvunja. Lakini sikutaka pia mtu ajifiche nyuma yake huku anamfukuza mama yangu shambani.

Nikakaa nikalitafakari. Halafu nikamfuata mama jikoni, anachambua mboga, hanitazami.

Nikamwambia, "Mama, ya msibani yaache hukohuko. Sikuombi uyatoe. Muulize Diwani upya. Masanja ni mtani wake, anaweza kumjibu chochote. Wewe ni shangazi yake. Wewe hakutanii."

Akaendelea kuchambua mboga.

Mkutano wa hadhara kuhusu lile shamba ukaitishwa kwenye uwanja wa shule. Afisa akaja. Diwani akasimama na kujiamini kwake.

"Ndugu zangu, mnataka kunifunga kwa utani? Mtu analia mooo, namjibu, ndio nimekula rushwa? Hao wanaoleta haya wameshasahau mila kwa sababu ya kukaa mjini na kuuza nguo za wazungu!"

Makofi! Hata wazee wa ukoo walipiga. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha mama akasimama. Watu wote wakageuka, maana mama hakuwa mtu wa kusema mikutanoni.

Diwani akainamisha kichwa kwa adabu. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Msiba umekwisha, arobaini tumeshafanya. Watani wamepewa chao wameondoka. Mimi si mtani wako. Nimekubeba mgongoni, umekula kwenye chungu changu. Nakuuliza mbele ya watu hawa: ng'ombe wa Masanja ulichukua, au hukuchukua?"

Lilitaka jibu la neno moja tu: "Sikuchukua." Angelisema, yangeisha pale, nawaapia.

Akamtazama mama. Akatazama chini. Akasema, "Shangazi, haya si tungezungumza nyumbani?"

Mguno ukapita uwanja mzima.

Mama akasema, "Nilikusubiri nyumbani, hukuja. Nijibu."

Hakujibu. Yule msemaji wetu, fundi wa jukwaa, amesimama pale jasho linamtoka na hana neno. Angeweza kumdanganya afisa, hakimu, chama kizima. Kumdanganya shangazi yake akashindwa.

Mzee Masanja akanyanyuka kutoka nyuma, polepole, anaegemea fimbo. "Afisa, andika. Mimi nilitoa. Kama ni kosa, langu nalichukua. Ila sitaki watoto wangu wapigane na watoto wa mama huyu kwa ng'ombe niliotoa mwenyewe."

Baada ya hapo midomo ilifunguka yenyewe. Kumbe Masanja hakuwa peke yake.

Mwisho wa kesi hautawafurahisha. Ilipelekwa mahakamani, ikapigwa kalenda, ikapigwa kalenda, mpaka ikapoa. Masanja alihangaishwa, akarudi salama. Lakini Diwani udiwani uliishia pale, hakupata uso wa kusimama tena mbele ya watu. Na mkutano wa kijiji ukagawa lile shamba hadharani: wakulima upande wao, wafugaji wakapewa njia ya kwenda mtoni na malisho ya upande wa bondeni. Kipande cha mama kikabaki cha mama.

Jioni ya ule mkutano nilimkumbatia nikamwambia, "Mama, tumeshinda!"

Akaitoa mikono yangu taratibu. Akaingia ndani, akakaa kitandani, akalia. Sijawahi kumsikia akilia vile, hata baba alipofariki.

"Wewe umepata shamba," akaniambia. "Mimi nimempoteza mtoto."

Diwani hakukanyaga tena kwetu mpaka mama anaingia kaburini. Siku ya mazishi yake hakuja.

Wakuu, nililojifunza ni hili. Anayekula rushwa haogopi sheria sana kama tunavyodhani. Anajificha kwenye vitu vyetu vizuri: utani, undugu, heshima, aibu ya kusema mbele za watu. Anajua hatutavivunja. Basi tusivivunje, ila katika hivyohivyo kuna mtu ambaye hawezi kumdanganya. Mtafuteni huyo, muombeni asimame. Na mjue mnamuomba kitu kikubwa, kwa sababu ndiye atakayelipa.

Siku ile ingerudi leo ningeingia jikoni kumwomba mama vilevile. Ila safari hii ningekaa naye, nikamsaidia kuchambua zile mboga, nikamuuliza kwanza kama yuko tayari kumpoteza.

Karibuni mchangie. Mnaosema nilikosea kuyatoa maneno ya msibani, semeni tu, sikasiriki. Na wale ambao viongozi wao ni ndugu zao wa damu, leo nataka kuwasikia ninyi kwanza.