Bibi kwenye Mizani ya Pamba

Juzi pale Somanda nilimwona mama mmoja akivua viatu na kilemba kabla ya kupanda mizani ya duka la dawa, nikamkumbuka bibi yangu wa Nkololo.

Nilipokuwa mdogo, alasiri moja manesi walikuja kijijini kwake kupima presha na uzito, wakaazima mizani ya wanunuzi wa pamba. Palinuka magunia na jasho. Bibi akapanda.

"Mayu, mama yangu, umezidi uzito," nesi alimwambia. "Punguza chumvi na mafuta."

"Mizani hii imenipunja kilo za pamba tangu wanunuzi binafsi waje," bibi akajibu. "Ikisema nimezidi, basi nimezidi kweli kweli!"

Watu wakacheka, mimi nikaangua kilio. Nilijua kila kilichopimwa pale hupakiwa kwenye lori, na hakirudi.

"Msimchukue bibi!"

Nesi akajifuta machozi ya kicheko. "Nani atambeba, mzito hivi?"

Leo najua presha ni nini, na kwa nini nesi alihangaika. Lakini jioni ile, bibi alipogeuka kunawa, nilimhamishia ugali wangu wote na kuumwagia samli, ili lori lisimweze.