Swali la Sauti ya Mama Lilivyozungushwa Jukwaani

Jumapili jioni mama yangu aliongea na mjukuu wake mpaka mtoto akasinzia. Jumatatu asubuhi akawa bubu.

Hakuugua. Hakuanguka. Kompyuta ilijisasisha, basi.

Ngoja nieleze vizuri. Mama alifanyiwa upasuaji wa koo, sauti ikapotea. Lakini kabla hajalazwa, kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu, alimkalisha akamrekodi maneno mpaka mama akamfukuza kwa kandambili. Kisha akaandika programu. Mama anachapa sentensi, anabonyeza SEMA, kompyuta inatamka kwa sauti yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata kaka akafariki. Programu ikabaki, na ukoo mzima hakuna aliyejua ndani imekaaje.

Mimi ni kinyozi. Mashine ninayoielewa ni ya kunyolea.

Sasa Jumatatu hiyo mama anabonyeza SEMA, inatokea mistari myekundu. Anabonyeza tena, mistari ileile.

Akaniandikia kwenye karatasi: "Mwanangu, itengeneze kabla ya jioni."

Mimi na mama tungeweza kuandikiana hata milele. Shida ilikuwa mjukuu, binti wa dada yangu. Wanakaa mji mwingine, mtoto hajajua kusoma, na bila hadithi ya bibi kwenye simu hapati usingizi.

Jioni simu ya video ikaita. Mama akapunga mkono kwenye kioo.

"Bibi, sema!"

Mama akatabasamu, akagusa koo.

"Bibi, umenuna?"

Dada akajaribu kumsomea ujumbe wa bibi. Mtoto akagoma. "Hiyo sauti yako, mama. Sitaki."

Nikaipeleka kompyuta kwa fundi wa mtaani. Akaangalia kidogo tu, akasema, "Kaka, dawa ya hii ni kufuta kila kitu tuanze upya."

"Na sauti?"

"Sauti gani?"

Nikabeba kompyuta ya mama nikaondoka.

Mteja mmoja saluni ndiye aliyeniambia kuna jukwaa la waandika programu mtandaoni, watu wanasaidiana bure. Nikajisajili palepale. Nikakuta vyumba vimeandikwa Sebuleni, Gereji, Jikoni, Ghalani, Darini. Maelezo hakuna, hata ya dawa.

Nikatumia akili ya kawaida. Mgeni hupokelewa sebuleni. Nikaingia, nikaeleza yote, nikaweka na picha ya mistari myekundu.

Nikanyoa kichwa kimoja, nikachungulia. Swali halipo!

Msimamizi anayejiita Mfagizi alikuwa ameandika: "Sebuleni ni kwa soga za wanachama wa zamani. Swali limehamishiwa Gereji."

Haya, gereji. Kitu kibovu kinapelekwa gereji, hata mimi niliona sawa.

Kesho yake: "Gereji ni kwa nyaya na betri. Swali limehamishiwa Jikoni."

Jikoni! Kumbe huko watu wanaonesha programu walizokwisha kumaliza, zilizoiva. Mtu akaniandikia chini ya ile picha, "Hongera, umechagua rangi nzuri."

Nikaandika kwa upole: "Ndugu zangu, mama yangu hana sauti. Nionesheni tu pa kuuliza."

Mmoja akajibu: "Soma majina ya vyumba, mzee. Yanajieleza."

Yanajieleza kwa nani?

Huku nyumbani jioni zilikuwa zinapita. Mtoto alianza kumuuliza bibi maswali na kujijibu mwenyewe. Baadaye akawa anamwonesha midoli tu, kimya. Halafu siku moja dada akapiga peke yake.

"Kaka, mtoto ameshalala. Leo hata hajamuulizia."

Mama alikuwa karibu yangu, akasikia. Akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Nilijiona si kitu. Mtu anaweza kusinzia kwenye kiti changu nikamzungushia wembe sikioni asishtuke, lakini sauti ya mama yangu imo ndani ya kile kiboksi na siwezi kuitoa.

Nikafungua jukwaa. Swali limehamishiwa Ghalani.

Ghalani ndiko wanakofungia mada zilizokwisha. Unaweza kusoma, kuandika huwezi. Swali langu halijajibiwa na limeshapigwa kufuli.

Hapo nikachemka. Nikamfuata Mfagizi faraghani. "Wewe una mama?"

Akajibu, "Ninaye. Nisamehe, kaka. Kusema kweli hata mimi vyumba hivi sivijui."

"Si wewe msimamizi?"

"Nilikuja kuuliza swali, likazungushwa kama lako. Nikalalamika sana. Wakasema basi, kama una mdomo hivyo, panga wewe. Nahamisha kwa kubahatisha."

"Na swali lako lilijibiwa?"

"Nimeshalisahau."

Nilicheka, ila kilikuwa kicheko cha mtu anayekaribia kulia.

"Darini kuna nini?"

"Sijawahi kupanda. Nilidhani ni pa kutupia vitu vibovu."

Akafungua kufuli, akalipandisha swali langu huko, na mimi nikafuata. Juu kabisa palikuwa pameandikwa: "Karibuni wageni, ulizeni chochote."

Kumbe walioanzisha jukwaa walikuwa wakikutana kwenye chumba cha darini nyumbani kwa mmoja wao. Kwao lile jina lilikuwa tamu. Watu wema wamekaa humo wanasubiri wageni, wanashangaa mbona hawaji.

Jibu lilifika sijamaliza ndevu za mteja. Kompyuta ilipojisasisha ilihamisha faili za sauti, na programu ilikuwa bado inazitafuta pale pa zamani. Mstari mmoja tu wa kubadilisha. Wakaniandikia wenyewe, mimi nikaenda nyumbani nikaunakili.

Mama akabonyeza. "Mwanangu," kompyuta ikasema.

Nikakaa sakafuni.

Jioni ile tulipiga sisi. Mama alikuwa anachapa tangu mchana. Dada akampa mtoto simu, mama akabonyeza SEMA.

"Hujambo, mjukuu wangu. Leo nina hadithi ndefu."

Mtoto akaganda. Akamgeukia mama yake.

"Nani anaongea?"

"Si ndiye bibi yako huyo, mwanangu."

"Hapana. Bibi haongei."

Akaiacha simu kitandani, akakimbilia midoli yake. Mama hakukata. Hadithi ikasemwa yote, mwanzo mpaka mwisho, na sisi kwenye kioo tunatazama dari ya chumba cha watu. Nililia, sioni aibu kusema.

Wenye majukwaa, nawaomba. Jina la mlango huandikwa kwa ajili ya mgeni. Mwenyeji anaujua hata taa ikizimika. Kama chumba ni cha wanaoanza, andikeni "Wanaoanza", utani wenu muuweke ndani. Nyinyi mnaona ni jina tu, lakini anayetangatanga nje ana mtu anayemsubiri, na mtoto hangoji mpaka mmalize kupanga vyumba.